Mapasa Waliozaliwa na Kravati

Kijana Mwanza hakuwa na nia ya kumfanya prefe awe baba. Jambo hilo lieleweke vizuri, maana baadaye watu wa mji wa Kamina walisema mengi. Nia yake ilikuwa ndogo na safi: alitaka tu kuharibu kravati.

Kravati yenyewe, tai ya shingoni, ilikuwa nyekundu, ya hariri, na Bwana Kabange Chrispin, prefe, yaani mkuu, wa shule yao ya bweni, aliivaa siku za kufukuza wanafunzi tu. Siku nyingine alivaa ya buluu, au aliacha shingo yake ipumue. Wavulana walipoiona ile nyekundu ikikatiza uwanja asubuhi, hata wasio na kosa walianza kukunja mablanketi. Ilikuwa imemwondoa Monga, aliyechemsha kuku wa masista ndani ya ndoo ya kuogea. Ilikuwa imemwondoa Mwepu, aliyekodisha kengele ya shule kwa watu wa arusi na kuisahau huko.

Mwanza alikuwa mwaka wa sita, miezi michache kabla ya mtihani wa Serikali, na tayari alikuwa amerudishwa nyumbani mara mbili ili akapumzishe walimu. Baba yake, fundi wa reli kule Luena, alimwambia mara ya mwisho huku ameshika spana: "Ukirudi tena huku bila diplome, usipite ku mulango. Tembea tu katikati ya reli, na ukisikia treni, usigeuke."

Kwa hiyo Mwanza aliwaza kama mwanasheria. Kravati ndiyo inayofukuza. Pasipo kravati hakuna kufukuzwa. Pasipo kufukuzwa kuna diplome. Alishangaa kwamba katika miaka yote ya shule hiyo hakuna kichwa kilichowahi kuliona jambo rahisi kama hilo.

Njia ya kulitimiza ililetwa na Mwalimu Émile, aliyewafundisha sayansi. Huyu alitoka likizo kwao Kinkondja na ndoo mapajani, akiilinda njia nzima kama mtu aliyebeba mtoto wa askofu. Ndani ya ndoo kulikuwa na maji ya ziwa Kisale, na ndani ya maji, juu ya kipande cha mti kilichong'olewa kwenye mtego wa samaki, kulikuwa na kitu cha kijani, laini, chenye matundu, kinachonuka tope.

"Prof, hii iko majani?" aliuliza mmoja.

"Iko nyama. Nyama muzima. Jina yake sifongo, eponji ya maji ya ziwa."

"Nyama gani haina kichwa?"

"Haina kichwa, haina tumbo, haina moyo."

"Kama prefe," alisema Lumbu, rafiki wa Mwanza, kwa sauti ya mtu anayesali.

Mwalimu Émile alijifanya hakusikia, akaeleza maajabu ya mnyama yule. Mwili wake ni chembe ndogo sana zilizoshikana. Ukimkamua ndani ya kitambaa chembamba kabisa, chembe zinaachana, zinatoka kila moja peke yake, na maji yanakuwa kama supu. Lakini hazifi. Zinatambaa chini ya chombo, zinatafutana, zikigusana zinashikana, na taratibu zinamjenga upya sifongo aliye hai.

Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia.

"Prof, kwa heshima yako," alisema Lumbu, "minyi nikipitisha kuku mu chujio, kesho atawika?"

"Kuku hapana. Sifongo ndiyo."

"Basi tuonyeshe!"

"Kitambaa iko wapi? Inaomba hariri. Hapa ku masomo tuko tu na matambara ya kupangusa ubao."

Mwanza peke yake hakucheka. Asubuhi ile ile alikuwa ameiona kravati nyekundu ikining'inia nyuma ya jiko, imefuliwa na Mama Musau, mpishi wa shule, inakauka.

Mchana huo, ilikuwa Jumamosi, wenzake wakiwa uwanjani, aliiba ndoo ya Mwalimu Émile, akafumua mshono wa kravati kwa wembe, akaifungua ikawa kipande kirefu cha hariri, akamtia sifongo katikati na kuanza kumnyonga juu ya beseni la Mama Musau kama mtu anayekamua shuka. Sifongo hakupiga kelele. Alitoka upande wa pili akiwa maji ya kijani. Kravati nayo ikawa na rangi isiyo na jina katika lugha yoyote ya wilaya ile. Mwanza alikuwa anaangalia kazi yake kwa unyenyekevu alipoona viatu vyeusi vimesimama kando ya beseni.

"Mwanza," alisema prefe. "Ulikuwa unafanya nini na kravati yangu?"

"Sayansi, Prefe."

"Na hii supu?"

"Njo ile sifongo ya Prof, Prefe."

Prefe alifungua mdomo ili atamke yale maneno ambayo kila mwanafunzi aliyajua kwa moyo. Mkono wake ukapanda shingoni kunyoosha kravati, kama alivyozoea kabla ya kuyatamka. Haukukuta kitu. Ulipapasa kifungo cha shati, ukarudi chini. Maneno hayakutoka. Mwanza aliona, kwa furaha kuu, kwamba sheria yake ilikuwa ya kweli kabisa.

Lakini prefe hakuwa mtu wa kushindwa na shingo yake mwenyewe. Alimwita Mwalimu Émile, ambaye alikuja mbio, akainama juu ya beseni kama mtu anayeangalia ndani ya jeneza, na alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nilibeba ile ndoo kutoka Kinkondja," alisema. "Mu mashua, ku baiskeli, mu treni. Sikuacha hata bantu baguse."

"Iko imekufa?" aliuliza prefe.

Mwalimu alipangusa pua. "Hapana, Prefe. Haijakufa. Itajikusanya."

"Itajikusanya namna gani?"

"Chembe zitatafutana. Itafufuka."

Prefe aliimba kwaya ya parokia na hakuwa na neno lolote dhidi ya ufufuo. "Siku tatu?"

"Zaidi kidogo, Prefe. Hii haina malaika."

Prefe alifikiri. Kisha alitoa hukumu yake mbele ya jiko, na Mama Musau alikuwa shahidi, kijiko cha mti mkononi. Siku ya baraza la nidhamu, kabla tu ya likizo ya Pasaka, sifongo atakuwa juu ya meza. Mmoja. Mzima. Hai, kama alivyotoka Kinkondja. "Ikiwa hivyo, utabaki na utafanya mutihani. Isipokuwa hivyo, Mwanza, nitakufukuza hata kama nitafunga shuka ya kitanda ku shingo."

Tangu saa ile maisha ya Mwanza yalikaa ndani ya beseni. Waliliweka katika ghala la jiko, penye baridi na giza kidogo, kati ya gunia la unga wa bukari na kapu la samaki wakavu. Mwalimu Émile alimwagiza: maji ya kijito tu, yabadilishwe kidogo kidogo, sabuni hapana, uji hapana, mikono michafu hapana. Akamwonyesha tone la ile supu chini ya hadubini. Mwanza aliweka jicho, akaona chembe zikijivuta, moja hapa, moja pale, kama wanafunzi waliopotea sokoni siku ya matembezi. Mbili ziligusana. Hazikuachana tena.

"Zinajuana?" aliuliza.

"Zinajuana."

"Bila macho?"

"Weye na Lumbu munajuana na macho?" alisema Mwalimu. "Munajuana na harufu ya ujinga."

Chembe zikawa punje, na punje zikawa vidonge. Mwanza, ambaye hakuwahi kumhimiza binadamu yeyote kufanya kazi, alishinda mchana kutwa akihimiza vidonge. "Muende! Muko ndugu! Babu yenu iko moja!" Vidonge vilisogea kwa raha yao. Mwisho vilikusanyika vyote katika madonge mawili, kila moja kama karanga, moja juu ya kijiwe upande huu wa beseni, moja juu ya kijiwe upande ule. Hapo vikatulia, kama vijiji viwili vinavyogombania daraja.

"Mmoja, Prefe alisema mmoja!" Mwanza alilalamika, akaanza kuyasukuma kwa unyasi. Mwalimu Émile alimpiga kofi mkononi. Yaache, alisema, yanajenga midomo. Na kweli, juu ya kila donge palikuwa pamefunguka tundu dogo, na ukidondosha tone la wino karibu, wino uliingia ubavuni na kutoka juu kama moshi wa bomba.

Ni siku hiyo Mama Musau alipoingia kuchota unga, akachungulia.

"Eh! Mbili?"

"Mbili, mama."

"Zinakula?"

"Zinanyonya maji."

"Zilitoka wapi?"

"Mu kravati."

"Kravati ya nani?"

Mwanza alipojibu swali hilo hakujua kwamba anabadilisha historia ya shule. Mama Musau aliweka chini sahani ya unga. Alipangusa mikono kwenye kitenge. Kisha akapiga vigelegele ambavyo vilisikika hadi kwenye karakana za reli.

"Mapasa! Prefe amezaa mapasa!"

Sasa, kwa Waluba, mapasa, yaani watoto pacha, hawaji kama watoto wengine. Wa kwanza kutoka anaitwa Kyungu, wa pili Kabange, na hakuna mjadala. Wapewe vitu sawa, walale pamoja. Na watu wakisikia wamezaliwa, wanakuja kuwaimbia wazazi matusi, si ya kubembeleza, matusi yenyewe. Mzazi anayekasirika anawaletea watoto wake ugonjwa. Kwa hiyo anacheza huku akitukanwa, na anashukuru. Mkunga aliyewapokea naye ni mtu wa heshima. Haguswi wala hagombezwi.

Prefe alijaribu kupinga. Alisema kravati si tumbo. Alisema yeye ni mjane na mkristo, na ana shahada ya hisabati. Mama Musau alimsikiliza mpaka mwisho.

"Prefe, weye unaitwa nani?"

Aliitwa Kabange. Kila mtu aliyesikia jina lake alijua kwamba alikuja duniani wa pili, nyuma ya Kyungu. Kyungu mwenyewe alikufa kwa surua wangali watoto wadogo, na tangu hapo mama yao, Mama Kyabu, hakuwahi kumletea mwanawe kitu kimoja. Alileta kuku wawili, mafungu mawili ya matembele, fulana mbili za ukubwa mmoja. Prefe alivaa moja, na nyingine aliikunja akaiweka kabatini.

Habari ilifika kijijini kwa mama huyo kabla maharage ya jioni hayajaiva.

"Mon vieux," Lumbu alimwambia Mwanza bwenini, "weye sasa iko mukunga. Ulizalisha prefe. Mama yako anajua?"

"Funga mudomo."

"Nauliza tu. Alilia sana? Ulimwambia asukume?"

Jumapili baada ya misa, Mama Kyabu aliingia kwenye uwanja wa shule amekaa nyuma ya baiskeli, wanawake wa kijiji kizima wakimfuata kwa miguu, wamejipaka unga usoni na kujifunga majani kiunoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti isiyomfaa mtu mfupi. Alishuka, akamtafuta mwanawe, akamkuta mbele ya mlingoti wa bendera na kravati yake ya buluu, amekakamaa kama bendera yenyewe.

"Baba Mapasa!" aliimba. "Tumbo yako iko kama gunia ya makaa ya Luena!"

"Gunia! Gunia!" waliitikia wanawake.

"Masikio yako banaanikia samaki!"

"Anika! Anika!"

Wanafunzi walisimama pembeni, wamefunga midomo kwa mikono, machozi yakiwatoka. Mama Kyabu aliwageukia. "Na benye beko kule banangoja nini? Munataka batoto bafe?"

Wale wavulana walikuwa na akiba. Wengine walikuwa wanaihifadhi tangu mwaka wa kwanza. Ilianza polepole, kwa adabu, na sauti ya Lumbu iliyokuwa inasema kitu kuhusu miguu ya prefe na fito za kibanda cha kuku. Halafu bwawa likapasuka. Waliimba kichwa chake, waliimba mwendo wake, waliimba hisabati yake. Prefe alifungua mdomo, na mshipa wa shingo ukasimama.

"Kasirika," mama yake alimwambia, kidole juu. "Kasirika, nione."

Prefe aliimeza hasira. Akainua mguu mmoja, kisha wa pili. Alicheza kama mtu anayepita juu ya siafu, huku akitabasamu tabasamu la mwenye jino bovu, na kila tusi alilijibu: "Asante. Asante sana." Baadaye Mama Kyabu alimtafuta mkunga, akamshika Mwanza kichwa kwa mikono miwili, akampaka unga kwenye paji la uso na kumpa jogoo.

Hapo Mwanza aliwaza tena kama mwanasheria. Madonge yakiwa mawili, prefe ni baba wa mapasa, baba wa mapasa hakasiriki, asiyekasirika hafukuzi. Kwa nini basi ayahimize yaungane? Jumatatu alichukua kijiwe kimoja na donge lake, akakihamishia kwenye bakuli la pembeni, mbali, ili ndugu wasije wakapata mawazo. Alilala usingizi mzuri kuliko wote wa mwaka ule.

Usingizi huo haukurudi. Siku moja kabla ya baraza Mama Kyabu alikuja na mafuta ya mawese, chupa mbili, kuwaona wajukuu. Kilio chake kilimtoa Mwanza darasani.

"Nani alitenganisha mapasa?"

"Mama, ni mambo ya sayansi…"

"Sayansi njo iliwazaa? Mutoto huyu analala peke yake kama mulozi! Unataka mwenzake amufuate wapi?"

Alitia mkono wake mwenyewe ndani ya bakuli, akamrudisha Kabange mdogo kwenye beseni na kuvisogeza vile vijiwe mpaka madonge yakagusana ubavu kwa ubavu. Akafunika kwa kitenge. Akaweka kiti mbele ya beseni, akakaa, na ilieleweka kwamba hapo atalala.

Mwalimu Émile alimvuta Mwanza nje. "Zitaungana," alinong'ona. "Zilikuwa sifongo moja. Zikigusana, zinasahau kama ziliachana. Kesho asubuhi itakuwa mwili moja."

"Prof, zikiwa moja, Prefe ataniacha?"

"Njo sheria yake."

"Na mama yake ataona nini?"

Jibu lilikuwa wazi. Mama Kyabu ataona pasa mmoja amepotea. Ikiwa ni mmoja, mama atamwita Mwanza muuaji wa mtoto, na mwanawe atakuwa huru kukasirika kwa hasira zote alizozimeza tangu Jumapili. Yakikaa mawili, sheria ya prefe mwenyewe, mmoja na mzima, itamrudisha Luena hata bila hasira. Mwanza alihesabu njia zote, na zote zilipita katikati ya reli.

"Ku Luena kuna hewa nzuri," Lumbu alimfariji. "Na jogoo yako utaacha kwangu. Kwa ukumbusho."

Baraza lilikaa asubuhi katika ofisi ya prefe: yeye katikati, walimu wawili wakongwe kulia na kushoto, Mwalimu Émile mwisho wa meza. Prefe alikuwa ameivaa kravati. Mama Musau alikuwa ameishona upya, ikakubali kufungwa, lakini rangi ilikuwa ile ile isiyo na jina. Mama Kyabu hakualikwa. Aliingia mbele ya Mwanza, akavuta kiti na kukaa karibu na mwanawe, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumuuliza kitu. Wavulana walijaza dirisha, Lumbu juu ya mabega ya mwingine.

Mwanza alileta beseni kwa mikono miwili. Aliliweka juu ya meza, akatoa kitenge, na akafunga macho.

Alipoyafungua, prefe alikuwa ameinama, pua karibu na maji. Mwanza naye aliangalia. Vijiwe viwili vilikuwa vimefunikwa na mwili mmoja wa kijani, laini, bila mshono, bila alama ya mahali pa kuungana. Na juu ya mwili huo kulikuwa na midomo miwili.

Mwalimu Émile alidondosha tone la wino. Wino ukazama ubavuni. Wakangoja. Kisha midomo yote miwili ikatoa uzi mwembamba wa buluu, kwa pamoja, ukapanda na kupotea.

"Iko hai," alisema Mwalimu. "Na haijapungukiwa kitu, Prefe. Chembe zote zilizotoka mu kravati ziko hapa."

"Basi ni mmoja," alisema mwalimu wa kulia, aliyependa mambo yaishe. "Kijana anabaki."

"Midomo miwili," alisema wa kushoto, ambaye jina lake lilikuwa katika wimbo wa Jumapili kwa bahati mbaya. "Ni wawili. Si kama alivyotoka Kinkondja. Kijana anaondoka."

Mama Kyabu alikuwa amesimama. Macho yake hayakuona tena vizuri, kwa hiyo alitia kidole ndani ya maji, polepole, akapapasa. Akafika kwenye mdomo wa kwanza. Akasogea, akaupata wa pili. Alirudi kwa wa kwanza. Mwanza alimkazia macho. Huyu ndiye atakayesema.

"Kabange," alimwita mwanawe, si kwa sauti ya uwanjani. "Angalia. Kyungu amemubeba mudogo wake."

Prefe alivua miwani. Alitafuta kitambaa mfukoni, hakukipata, akaipangusa kwa ncha ya ile kravati, ambayo iliichafua zaidi, na aliivaa hivyo hivyo na kuendelea kuangalia ndani ya beseni, ingawa haiwezekani kwamba aliona kitu.

"Monsieur le Préfet," alisema mwalimu wa kulia, "tuandike mmoja au wawili?"

"Andika kwamba yupo."

"Yupo, ndiyo, lakini hesabu…"

"Mu jamaa yetu," prefe alinguruma, na wavulana wote wa dirishani wakarudi nyuma hatua moja, "batoto habahesabiwi!"

Mama Kyabu alimwangalia kwa wasiwasi. "Umekasirika?"

"Hapana, mama. Sijakasirika. Niko na furaha." Alimgeukia Mwanza, akakohoa mpaka sauti ya ofisi ikamrudia. "Mukunga. Utabaki. Utafanya mutihani. Toka mbele ya macho yangu."

Nje walimbeba. Lumbu alitangaza kwamba alijua tangu mwanzo. Mwanza, juu ya mabega ya watu, aliiona njia ya reli ikimeta mbali, na kwa mara ya kwanza aliipenda: angeipanda kwa likizo ya Pasaka kama abiria, tiketi mfukoni, jogoo kwapani, na angepita kwenye mlango wa baba yake akipiga mluzi.

Siku ya kuondoka, shule nzima ikiwa getini na mifuko yake, prefe alisimama njiani.

"Mukunga anaenda wapi?"

"Ku Luena, Prefe. Ku likizo."

"Na batoto?"

Mwanza aliangalia nyuma, kama kwamba huenda kulikuwa na mkunga mwingine. "Prof atawachunga…"

"Prof anaenda Kinkondja. Mama yangu aliagiza. Aliyewapokea njo anawachunga, mpaka bashikamane vizuri na mawe. Rudisha mufuko."

Lumbu alimpungia mkono mpaka kona ya barabara, mkono ule ule alioshikia jogoo.

Shule ikabaki tupu. Asubuhi Mwanza alikuwa katika ghala, akimimina maji ya kijito kwa uangalifu, mlango uliposukumwa. Prefe aliingia amebeba kiti. Alikiweka mbele ya beseni, akawasalimia watoto, akakaa, akakunja mguu juu ya mguu na kufumbata mikono.

"Anza," alisema.

"Nianze nini, Prefe?"

"Ile ya asubuhi. Mama alisema inapaswa kila siku, wasipate homa. Iko tu weye hapa."

Mwanza aliweka ndoo chini. Alimwangalia mkuu wake, peke yake, bila ukuta kati yao, bila mgongo wa mwenzake wa kujifichia.

"Baba Mapasa," alisema. "Tumbo yako…"

"Hiyo ya makaa ni ya mama yangu. Leta yako."

"Miguu yako…"

"Hiyo ni ya Lumbu. Nilimutambua sauti."

Miaka sita Mwanza hakuwahi kupungukiwa na tusi kwa mtu huyu. Alikuwa nayo ya kulala na ya kuamkia, ya bwenini na ya chooni, ya maneno na ya michoro. Sasa alitafuta kichwani mwake kona kwa kona, na kila kona ilikuwa imefagiwa.

"Nguvu kidogo, mukunga," alisema prefe kwa upole, akiangalia saa. "Usiogope. Mutoto wa pili anaanza kunyauka."